Uwiano wa Picha na Hatima ya Filamu za Zamani katika Runinga za Nyumbani
Filamu ya Casablanca (1942), iliyoongozwa na Michael Curtiz, ilipigwa kwa uwiano wa 1.37:1, ilhali runinga nyingi za leo ni za 16:9. Ili skrini ijae, picha hukatwa juu na chini, na takribani asilimia 23 ya kimo chake hupotea. Ama hutanuliwa, nyuso zikaharibika. Lawrence of Arabia (1962), yenye uwiano wa 2.20:1, hukatwa kushoto na kulia, na jangwa linalommeza binadamu likasinyaa. Mtazamaji anayechukia nafasi nyeusi kandokando ya picha hudhani ameongezewa, kumbe amepunjwa. Kwa hiyo, sera za utangazaji na uhifadhi zinapaswa kuulinda uwiano asilia kama zinavyolinda matini ya mwandishi.