‘Futa akiba’: Kiswahili cha simu kinapomtisha mwenye simu

MATINI ya Kiswahili ambayo huenda inapitiwa na macho mengi zaidi kwa siku si riwaya inayotahiniwa shuleni wala taarifa ya habari ya saa moja usiku. Ni menyu ya simu. Faili, folda, hifadhi, nakili, hamisha, futa, shiriki: maneno haya yamo mfukoni mwa mvuvi, mwalimu, mwanafunzi na muuza mboga. Lakini wahakiki wetu huyapita kana kwamba si lugha. Makala haya yanayasoma kama tunavyosoma matini nyingine yoyote, tena kwa swali moja tu: je, anayeyasoma anaelewa atakachofanya kabla hajabonyeza?

Nimeuliza swali hili nikiwa Muhuru Bay, eneobunge la Nyatike, kaunti ya Migori, kwa sababu watu wa huko ni mahiri wa kuishi na majina mawili ya kitu kimoja. Ukivuka mpaka kuelekea Kirongwe uko Tanzania, na samaki wanabadilika majina ingawa ziwa ni lilelile. Omena anakuwa dagaa, mbuta anakuwa sangara, ngege anakuwa sato. Ongeza Kidholuo, lugha ya wengi hapo, na Kisuba ambacho kimebaki vinywani mwa wachache. Hakuna anayepotea. Mnunuzi akisema dagaa na muuzaji akisema omena, samaki wako hapo juani, wamesambazwa, wananuka. Macho yanamaliza ubishi.

Faili haina harufu. Haina uzito, haishikiki, na mtu hawezi kuinyoshea kidole akasema, “Ndiyo hii.” Kinachomfikisha mtumiaji kwenye faili yake ni neno tu. Neno likiteleza, faili nayo imeteleza. Ndiyo maana nashikilia kwamba istilahi za simu zinahitaji uangalifu kuliko hata istilahi za uvuvi.

Chukua mfano wa mama mmoja anayeuza omena kwa magunia. Simu yake ndiyo ofisi yake. Humo ana picha za kurasa za daftari la madeni, picha za mizigo iliyoondoka, na jumbe za malipo. Simu ikamwambia nafasi imeisha. Kijana mmoja alikuwa amemwekea menyu ya Kiswahili ili imfae. Alipofungua mipangilio, akakutana na amri hii: ‘Futa akiba’. Akanionyesha.

“Mwalimu, hii simu inataka nifute akiba. Sasa nikifuta, za chama zitaenda wapi?”

Hakubonyeza. Nani angebonyeza? Kiswahili kimemfundisha tangu utotoni kwamba akiba haiozi, na chama chake hukutana kila wiki kwa ajili ya akiba hiyohiyo. Kwa hiyo alikuwa ameacha akiba na kufuta picha, maana picha alizielewa. Zilizokwenda ni pamoja na zile za daftari, na mnunuzi mmoja alikuwa bado anabisha kuhusu idadi ya magunia.

Tuichambue amri hiyo. Kinachoitwa akiba hapo ni data ya muda ambayo programu hujiwekea ili ifunguke haraka. Ukiifuta, hupotezi picha, mazungumzo wala pesa. Programu itaitengeneza upya. Yaani, ni kitu cha kutupwa bila hofu. Akiba katika Kiswahili ni kinyume chake kabisa: ni kitu unachokiweka kando kwa makusudi ili kikufae siku ya shida. Neno limepewa kitu kisicho na thamani na kunyimwa kile kinacholistahili. Kama kuna kitu katika simu kinachostahili kuitwa akiba, ni nakala ya pili ya faili iliyowekwa mahali pengine ili ya kwanza ikipotea, ya pili ipo. Hiyo ndiyo nakala ya akiba. Ile data ya muda ingetosha kuitwa ‘masalio ya muda’, na kila mtu angeyafuta kwa moyo mweupe.

Baya zaidi, jirani wa amri hiyo ni ‘Futa data’. Hii ndiyo hatari. Ukiibonyeza, programu inarudi kama mpya, inakutaka uingie tena, na vilivyokuwa ndani yake pekee vimekwenda. Sasa tazama mpangilio: amri isiyo na madhara imevishwa neno la kutisha, na amri yenye madhara imevishwa neno geni ambalo halimtishi mtu. Data ni nini kwa mama huyu? Ni zile bando anazonunua. Hii si hitilafu ya sarufi. Sarufi ya amri zote mbili ni safi kama maji ya mtungi. Ni hitilafu ya maana.

Neno la pili ni hifadhi. Katika menyu moja neno hili hufanya kazi tatu. Kwanza ni kitenzi: hifadhi faili hii. Pili ni nomino ya nafasi: hifadhi imejaa. Tatu, Google Drive, huduma ya kuweka faili mtandaoni, imeitwa Hifadhi ya Google. Nje ya simu, hifadhi ni mbuga kama Serengeti, ni ulinzi wa mkimbizi, na ni hifadhi ya jamii. Neno lenye maana nyingi si dhambi, maana lugha zote zina maneno hayo. Lakini muktadha ndio hututoa katika utata, na menyu ni matini isiyo na muktadha. Ni neno moja juu ya kitufe.

Matokeo yake yanasikika katika mazungumzo. Mwanafunzi anayejaza fomu ya basari husema, “Niliiseivu lakini siioni,” au “Imedaunlodi, sasa imeenda wapi?” Hilo ni swali la mahali, na menyu inamjibu kwa kitenzi. Ukweli ni kwamba fomu aliyotumiwa kwa WhatsApp imekaa katika folda ya WhatsApp, na ile aliyoitoa kwenye tovuti imekaa katika folda ya vipakuliwa. Hizo ni sehemu mbili. Kama menyu ingesema ‘Weka faili’ kwa kitendo, ‘Nafasi’ kwa ukubwa uliobaki, na ‘ghala la mtandaoni’ kwa mahali palipo mbali, mwanafunzi angejua anauliza nini. Jina la biashara nalo liachwe lilivyo, kwa sababu jina la mtu halitafsiriwi.

Neno la tatu ni shiriki. Huku nyumbani, mtu hushiriki mazishi, mchango au mkutano. Hushiriki kwa kuwamo. Kwa hiyo ‘Shiriki faili’ ikisomwa kwa Kiswahili ina maana kwamba uwemo ndani ya faili. Kitenzi cha kumfanya mwingine awemo ni shirikisha, kwa kinyambuo cha kusababisha ambacho mwanafunzi wa kidato cha kwanza anakijua. Lakini hata tukisahihisha kinyambuo, tatizo linabaki, kwa kuwa kitufe hicho hutumika kwa vitendo viwili tofauti. Kimoja ni kumtumia mtu nakala. Akiifuta yake, yako ipo. Kingine ni kumfungulia mtu folda yako ya mtandaoni, naye, kulingana na ruhusa uliyompa, anaweza kuona, kubadilisha hata kuondoa kilichomo. Tofauti hiyo ni sawa na tofauti kati ya kumpa jirani kibaba cha unga na kumpa ufunguo wa stoo. Kiswahili kina maneno ya yote mawili: ‘Tuma nakala’ na ‘Fungulia wengine’. Kinyambuo cha kutendea katika fungulia kinatosha kumwonya mtu kwamba mlango unabaki wazi.

Sasa tuje kwenye mjadala unaowagawa wataalamu: folda iitwe nini? Wengine wanataka jalada. Wengine kabrasha. Walio wengi, kuanzia ofisi ya chifu hadi saiba, husema folda, au foda. Nimesikia hoja za pande zote. Jalada lina tatizo nchini Kenya, kwa kuwa watahiniwa wa fasihi wanafundishwa kuchambua jalada la riwaya, yaani gamba la nje la kitabu, na upande wa Tanzania jalada ni lile la kesi polisi. Kabrasha ni bunda la makaratasi ya mkutano. Neno hili linapendeza, lakini sijamsikia mtu wa Muhuru Bay akilitamka bila kusomewa.

Binafsi nakubali folda, ila kwa sharti la kisarufi. Faili kwa wasemaji wengi imo katika ngeli ya I-ZI: faili imefutwa, faili zimefutwa. Folda nayo imeingizwa humo humo. Menyu, kwa kubana maneno, huacha nomino na kusema tu, “Imefutwa.” Ni nini kimefutwa? Faili moja, au folda nzima pamoja na faili 400 zilizomo? Kiswahili kina kifaa cha kujibu swali hilo bila kuongeza hata neno moja: upatanisho wa kisarufi. Tuipe folda ngeli ya LI-YA, kama tulivyofanya kwa gari, shati na duka, ambayo pia yalitoka ugenini. Hapo, “Imefutwa” itakuwa faili, na “Limefutwa” itakuwa folda. Silabi moja inamzuia mtu kupoteza kazi ya mwaka. Wanaoleta istilahi kutoka Kiingereza hawakiwazi kifaa hiki kwa sababu Kiingereza hakina ngeli. Sisi tunacho na tumekiacha kikipata kutu.

Hatari moja ya uhakiki ni kuona mabaya tu. Menyu ya simu ina istilahi zinazofaa kusifiwa. Pakia na pakua zimetoka chomboni, na Muhuru Bay hazihitaji kufafanuliwa. Mzigo hupakiwa mashuani na hupakuliwa ufuoni, na anayepakua chakula anakitoa chunguni kukileta sahanini. Faili inayoshushwa kutoka mtandaoni inafanya safari hiyohiyo. Bandika na nakili zinaeleweka. Hamishia, pamoja na kiambishi chake cha kutendea, inakumbusha kwamba kuna mahali pa kwenda. Tupio limeundwa kutokana na tupia kama kimbilio lilivyotokana na kimbilia, na linatofautisha vizuri kitu kilichowekwa kando na kilichofutwa kabisa. Katika programu nyingi, kilicho kwenye tupio hukaa siku 30 kabla ya kutoweka. Maneno haya yamefaulu kwa sababu yalianzia kwenye kitendo ambacho mikono inakijua.

Makosa nayo yanatoka wapi? Mara nyingi yanatokana na jinsi kazi inavyofanywa. Mtafsiri wa programu hupewa orodha ndefu ya maneno na vipande vya sentensi, mara nyingi bila kuona skrini ambapo kila kimoja kitakaa. Akipewa neno moja la Kiingereza ambalo huko ni kitenzi na nomino kwa pamoja, atabahatisha. Si mvivu. Anapiga mshale gizani. Iko njia nyingine. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi kwa Kiswahili. Hiyo ilikuwa kazi ya watu waliokaa na programu nzima mbele yao, si vipande vyake.

Wapo watakaosema mtumiaji atazoea tu. Wanataja M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007. Ni kweli kwamba ‘Tuma pesa’ na ‘Toa pesa’ zimezoeleka hata kwa asiyejua kusoma vizuri. Ila zimezoeleka kwa kuwa zilisema kile kilichotendeka tangu siku ya kwanza. Hata ‘Lipa na M-Pesa’, ambayo sisi walimu tumeipigia kelele tukidai ‘kwa’ badala ya ‘na’, haijampoteza mteja yeyote njiani. Hapa pana funzo kwetu wenye kalamu nyekundu. Kuna kosa linalokera sikio na kuna kosa linalomgharimu mtu. Tumetumia wino mwingi kwa la kwanza, tukiuliza kama ni tarakilishi au kompyuta, na la pili tumeliacha likakaa kimya ndani ya mipangilio ya simu.

Wengine watasema wenyeji huweka menyu ya Kiingereza, basi kuna haja gani? Lakini hebu tuwaulize kwa nini. Mama yule alirudishiwa menyu ya Kiingereza siku iliyofuata, lugha asiyoisoma, kwa sababu angalau humo amekariri mahali pa kubonyeza. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Mtu akiikimbia lugha yake ya taifa na kuona ni salama zaidi kubonyeza asichokielewa, tusimlaumu mtu huyo kwa kukosa uzalendo.

Pendekezo langu ni jepesi kutekeleza. Idara za Kiswahili katika vyuo vyetu ziwape wanafunzi menyu za simu kama matini za kuhakiki, kisha ziwapeleke kwenye fuo, masoko na vituo vya boda boda wakapime kila istilahi kwa swali moja: “Ukibonyeza hapa, unadhani nini kitatokea?” Jibu likiwa sahihi, istilahi ibaki hata kama ni ya mkopo. Jibu likiwa la hofu au la kubahatisha, istilahi irudishwe karakana, na matokeo yapelekwe BAKITA, baraza lililoundwa 1967, na kwa kampuni zenyewe. Kazi hiyo haihitaji maabara. Inahitaji simu, daftari, na mtahini asiyeona haya kufundishwa na muuza omena.