Faraja ya Mtoto Yatima: Tathmini ya Utafiti wa Moshi na Bungoma

Kila mchungaji aliyezoea kuzika anafahamu jinsi ibada ya maziko inavyokwenda. Wasifu wa marehemu husomwa, Neno la Mungu huhubiriwa, udongo hutiwa kaburini, na wafiwa hupewa pole. Watoto wa marehemu huitwa mbele kuweka shada la maua, kisha huondolewa. Ni mara chache mtu mzima huketi nao na kuwauliza waliona nini na wanawaza nini. Wengine, hasa wadogo, huambiwa tu kwamba mama amesafiri. Kwa sababu hiyo utafiti unaopimwa katika makala haya unatuhusu sisi watumishi wa Kanisa, ingawa haukuandikwa kwa ajili yetu.

Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2020 katika jarida la kitabibu la Marekani liitwalo JAMA Psychiatry. Mwandishi wake mkuu ni Shannon Dorsey, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Washington, akishirikiana na wataalamu wa Marekani, Kenya na Tanzania. Kati ya mwaka 2013 na 2015 walichukua watoto 640 wenye umri wa miaka 7 hadi 13, waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili, na ambao walikuwa na dalili za kiwewe. Watoto hao walitoka Moshi kwa upande wa Tanzania na Bungoma kwa upande wa Kenya, mjini na vijijini. Waligawanywa kwa kura katika makundi mawili. Kundi la kwanza lilipewa tiba ya mazungumzo, yaani tiba ya fikra na mwenendo inayolenga kiwewe. Kundi la pili liliendelea kupata huduma za kawaida ambazo yatima huzipata katika jamii yao.

Tiba yenyewe ilikuwa na vikao 12 vya pamoja, na zaidi ya hivyo vikao 3 au 4 ambavyo mtoto alikaa peke yake na mshauri. Mtoto alifundishwa kutambua hisia zake, kuituliza nafsi yake, na hatimaye kusimulia habari za kifo cha mzazi wake bila kuzikimbia. Walezi nao walishirikishwa, ili nyumbani mtoto awe na mtu wa kumsikiliza. Wala washauri hawakuwa madaktari wa akili. Walikuwa watu wa kawaida waliopewa mafunzo, kisha wakasimamiwa katika kazi yao.

Kabla ya kutazama matokeo, hatuna budi kuuliza kwa nini watafiti walihitaji kundi la pili. Je, haikutosha kuwatibu watoto na kuona kama wamepata nafuu? Swali hili ni la zamani. Mwaka 1952 mwanasaikolojia Hans Eysenck, aliyefanya kazi London, alidai kwamba takribani theluthi mbili ya wagonjwa wenye matatizo ya mishipa na hofu hupata nafuu katika muda wa miaka miwili, wawe wametibiwa kwa mazungumzo au hawakutibiwa. Hesabu zake zilipingwa sana, na tafiti nyingi zilizofuata zimeonyesha kwamba tiba ya mazungumzo kwa ujumla inasaidia. Hata hivyo swali lake limebaki. Muda peke yake huponya mambo mengi, na anayekuwapo wakati wa kupona huelekea kujihesabia sifa.

Moshi yenyewe inatupatia mfano. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya jaribio la awali la tiba hiyo kwa watoto yatima 64 wa Tanzania. Dalili zao zilipungua, na nafuu hiyo ilionekana hata miezi 12 baada ya tiba kwisha. Lakini jaribio hilo halikuwa na kundi la kulinganishia. Msomaji mwenye haraka angesema mara moja kwamba tiba ndiyo iliyowainua watoto wale, na kwamba bila tiba wangebaki walivyokuwa.

Utafiti wa 2020 ulionyesha kwamba jambo lenyewe si jepesi hivyo. Mara tu baada ya tiba, watoto waliotibiwa walikuwa na hali bora kuliko wenzao katika sehemu tatu kati ya nne, nazo ni Bungoma mjini, Bungoma vijijini na Moshi mjini. Mwaka mmoja baadaye, katika Bungoma tofauti hiyo ilikuwa bado kubwa. Katika Moshi haikuwapo tena, kwa maana makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu iliyokaribiana. Watafiti walipolinganisha nchi hizi mbili waligundua kwamba watoto waliotibiwa walinufaika kwa kiasi kinachofanana huku na huku. Tofauti ilikuwa kwa wale wasiotibiwa. Wa Kenya walipata nafuu kidogo, na baadaye hali yao ikarudi nyuma. Wa Tanzania walizidi kupata nafuu.

Ubora wa kwanza wa kazi hii ni uaminifu wake. Waandishi wangeweza kuyakuza matokeo ya Bungoma na kuyapitia haraka yale ya Moshi. Hawakufanya hivyo. Ubora wa pili ni kuthibitisha kwamba kazi ya kumsaidia mtoto mwenye kiwewe inaweza kufanywa vizuri na watu wasio na shahada, mradi wafundishwe na kusimamiwa. Kwa nchi zetu, ambazo wataalamu wa afya ya akili ni wachache mno, neno hili lina uzito.

Pamoja na hayo, utafiti una mipaka. Unatuambia kwamba watoto wa Moshi wasiotibiwa walipata nafuu, lakini hautuambii ni nini kilichowashika. Waandishi wanadokeza kwamba huenda watoto wanaoishi katika shida kubwa zaidi ndio wanaofaidika zaidi na tiba. Dokezo hilo lina maana, lakini halijajibu swali. Je, ni shangazi au bibi aliyewapokea? Ni shule? Ni chakula cha uhakika? Zaidi ya hayo, kipimo kilichotumika ni cha dalili kama ndoto za kutisha na kukwepa kumbukumbu za msiba. Dalili zikitulia, mtoto amepata nafuu ya kweli. Lakini huzuni ya kufiwa ni pana kuliko dalili, na si kila anayelia ni mgonjwa.

Hapa ndipo sisi tunapojaribiwa. Moshi ni mahali penye sharika za Kilutheri za siku nyingi. Ni rahisi kwa mhubiri kusimama na kusema kwamba kilichowaponya watoto wale ni Kanisa. Napenda iwe hivyo, lakini siwezi kusema hivyo, kwa kuwa jambo hilo halikupimwa. Tukilidai tutakuwa tumetenda kosa lile lile ambalo kundi la kulinganishia liliwekwa ili kulizuia. Mara ngapi tumesimulia habari za mtoto tuliyemwombea, ambaye baada ya mwaka alicheka tena, pasipo kuuliza habari za yule ambaye hatukumtembelea? Ushuhuda ni mali ya Kanisa na hatuuachi. Lakini ushuhuda humshukuru Mungu, nayo haikupasa kugeuzwa kuwa hesabu ya mafanikio yetu.

Tena tusisahau watoto wa Bungoma wasiotibiwa. Hawa ndio wanaotuonya. Pamekuwapo desturi ya kusema kwamba mtoto husahau upesi, na kwamba ukimya humlinda. Wapo watoto ambao wakati hauwaponyi. Hurudi nyuma polepole wakati watu wazima wanadhani msiba umekwisha.

Urithi wetu wa Kilutheri hautuachi mikono mitupu. Katika Makala za Smalkald za mwaka 1537, Luther aliyahesabu mazungumzo na faraja ya ndugu kwa ndugu miongoni mwa njia ambazo Injili hutujia. Mwaka 1542 yeye mwenyewe alimzika binti yake Magdalena aliyekuwa na umri wa miaka 13, na hakuificha huzuni yake. Rafiki za Ayubu nao waliketi naye siku saba pasipo kusema neno, na makosa yao yalianza walipotaka kueleza. Mtoto aliyefiwa ni ndugu katika usharika kwa ubatizo wake. Anastahili mazungumzo hayo pamoja na mtu mzima.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, mchungaji asijaribu kumchimbua mtoto ili asimulie kifo alichokiona, kama hana mafunzo wala msimamizi. Kazi hiyo ina hatari zake. Lakini kumwambia ukweli kwa maneno anayoyaelewa, na kumsikiliza anapotaka kusema, hakuhitaji cheti. Pili, vyuo vyetu vya theolojia vifundishe utunzaji wa roho za watoto, na kutambua wakati wa kumpeleka mtoto kwa mtaalamu. Tatu, usharika ufuatilie. Daftari zetu huandika jina la marehemu na tarehe ya maziko. Ziandike pia majina ya watoto aliowaacha, ili mzee wa kanisa awatembelee baada ya miezi mitatu, na tena baada ya mwaka, na kuandika alivyowakuta, hata kama alichokikuta hakitupendezi.