Rosa na Kadari Yetu

Wakulima wa mananasi hapa Kiwangwa hupanda machipukizi yao na kusema, "Mungu akijalia tutavuna." Hakuna anayesema hivyo kisha akaacha palizi. Shambani twajua vema kwamba majaliwa ya Mungu na jembe la mtu havigombani. Ugomvi huanza tunapoliweka jembe chini na kuanza kuhukumu watu.

Basi likipinduka katika barabara ya Msata kwa mwendo wa kasi, msibani tutaambiana kwamba siku za marehemu zilikuwa zimefika, na kazi ya Mungu haina makosa. Lakini binti wa shule akipata mimba, hakuna anayetaja kadari. Tunasema amejitakia. Dereva alipangiwa, binti alichagua. Je, ndugu msomaji, ni nani aliyetugawia kadari na hiari kwa kipimo hicho?

Swali hilo ndilo lililonirudisha kwenye Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971, na ambayo wakati fulani ilipigwa marufuku shuleni. Jina lake limetoka katika litania ya Bikira Maria. Huko Ukerewe, Zakaria anampiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana, na kumchunga kama mfungwa. Rosa anapofika chuoni uhuru unamlewesha, na mwisho anajiua. Kisha mwandishi anathubutu jambo kubwa: anawaweka baba na binti mbele ya Mungu, wabishane nani alaumiwe.

Wakristo wamebishana hivyo kwa karne nyingi. Agostino alipambana na Pelagius mwanzoni mwa karne ya 5. Mwaka 1525 Luther alimjibu Erasmus kwamba utashi wa mwanadamu umefungwa. Wafuasi wa Calvin, katika mkutano wa Dordrecht wa 1618 hadi 1619, walitamka kwamba Mungu huteua bila kutazama sifa ya mtu. Mtaguso wa Trento ulikuwa umeshika kwamba neema hutangulia, na hiari huitikia. Baadaye John Wesley akahubiri kwamba neema hiyo hutolewa kwa wote.

Hitilafu hizo si ndogo. Hata hivyo, wale waliopunguza nguvu ya hiari walianza na nafsi zao wenyewe. Katika Maungamo, Agostino anajisema yeye mwenyewe, mtu aliyetaka kuacha dhambi na asiweze. Fundisho hilo lilikuwa kilio cha mtu juu ya udhaifu wake. Sisi tumeligeuza: udhaifu tunajisamehe nao, na hiari tunamshitaki nayo jirani.

Ubora wa Kezilahabi ni kwamba hamruhusu yeyote kujificha. Malezi ya Zakaria yalimjeruhi Rosa, hilo halina ubishi. Lakini wadogo zake walilelewa na baba yule yule, na si wote walioishia alikoishia yeye. Basi palikuwa na nafasi ya kuchagua, ingawa ilikuwa finyu.

Kasoro ninayoiona ni kwamba kesi hiyo ya mbinguni imewaelemea mno baba na binti. Wako wapi wanaume waliomtumia Rosa? Yuko wapi mchumba aliyemkataa kwa kuwa hakumkuta bikira? Hao nao walikuwa na hiari, tena pana kuliko yake, na hakuna anayewauliza kitu. Hapo mwandishi, pamoja na ushujaa wake wote, anafanana nasi kidogo.

Kama Mungu ameteua au ameacha mlango wazi, mimi sitalimaliza suala hilo katika kurasa hizi. Ninachodai ni haki katika kipimo. Tukimwambia dereva kwamba ilikuwa kadari, tumwambie na binti vivyo hivyo. Na tukimwambia binti kwamba alichagua, basi tumtafute na yule mwanamume, tumwulize yeye alichagua nini.