Himaya Isiyo na Farasi

Dereva wa lori anayetoka Kahama kwenda Rusumo hupita Ushirombo, kisha Runzewe, na akisimama ni kwa chai tu. Katikati ya karne ya 19 Runzewe ilikuwa kambi ya watu waliofika kwa miguu kutoka kusini mwa Afrika: Wangoni, ambao huku Unyamwezini waliitwa Watuta. Walivuka mto Zambezi mwezi Novemba 1835 wakiongozwa na Zwangendaba. Alipofariki huko Ufipa mnamo 1848, warithi wakagombana. Kundi moja likashika njia ya kaskazini, likaisumbua Ujiji, mwishowe likapiga kambi katika nchi ya Wasumbwa, ambako leo ni wilaya ya Bukombe, mkoa wa Geita.

Nawataja Watuta kwa sababu wanatusaidia kutatua swali la mbali sana na Geita: Waturuki wa kale walitawalaje nyika yote ya Asia ya Kati? Jibu la kawaida ni farasi. Farasi, upinde mfupi wenye nguvu, na vikuku vya kukanyagia vilivyomwezesha mpandaji kupiga mishale huku mnyama akienda mbio. Yote ni kweli. Lakini majirani zao walikuwa na farasi haohao na pinde zilezile, na bado walishindwa.

Tuanze na hesabu ya watu. Mwaka 552 Bumin, mkuu wa ukoo wa Ashina, aliwavunja Rouran waliokuwa mabwana wa nyika. Waturuki walikuwa wafua chuma wao kwenye milima ya Altai. Bumin alipoomba kuoa binti wa Anagui, mtawala wa Rouran, alijibiwa kwa dharau kwamba yeye ni mtumwa mhunzi tu. (Warongo wa Geita nao walikuwa mafundi hodari wa chuma, na majembe yao yaliuzwa Usukuma na Unyamwezi. Uhunzi peke yake, basi, hauzai himaya.) Ukoo mmoja wa wahunzi haukuweza kuzaa jeshi la kutawala kutoka Mongolia hadi karibu na Bahari ya Kaspi. Jeshi hilo lilitokana na walioshindwa. Kabila lililotekwa liliingizwa vitani upande wa mshindi, wapiganaji wakapangwa kwa makumi, mamia na maelfu. Aliyeshindwa mwaka huu alipata fungu la nyara mwaka ujao.

Wangoni walifanya hivyohivyo bila farasi hata mmoja. Kijana aliyetekwa alitobolewa masikio, akatiwa katika kikosi cha rika lake, akapewa ngao ya ngozi ya ng'ombe na mkuki mfupi wa kuchomea. Akiteka mtu naye, alianza kuwa na watu wake. Hivyo ndivyo kundi lililotoka kusini lilivyoweza kupigana vita njia nzima na bado likafika likiwa kubwa kuliko lilivyoondoka. Walioingia Runzewe, wengi wao hawakuwa wamezaliwa Wangoni.

Farasi angekufa tu huku. Miombo ya Bukombe na Kahama ilikuwa nchi ya mbung'o, na tatizo lilikuwa kubwa kiasi kwamba Waingereza walipoanzisha idara ya utafiti wa mbung'o waliiweka Shinyanga, chini ya Swynnerton. Mwendo wa kasi ulibidi utoke kwenye miguu ya vijana wasio na mizigo.

Aliyeielewa kazi hii ya kujenga jeshi kwa mateka kuliko wote ni Mirambo, mtemi wa Uyowa, aliyeziona mbinu za Wangoni kwa karibu akaziongezea bunduki. Rugaruga, yaani wapiganaji wake, walikuwa mateka, watoro, wapagazi waliochoka na misafara, na vijana waliotaka mali. Mwaka 1876 alimweleza msafiri Stanley kwamba anapendelea vijana, kwa kuwa mtu mzima akiwa vitani anawaza mke na watoto. Haya si mawazo ya jemadari wa kijiji. Alijua kwamba askari asiye na shamba halishwi na ukoo, hulishwa na kiongozi wake.

Hata ujanja wa vitani ulifanana. Wapanda farasi wa nyika walisifika kwa kujifanya wamekimbia, adui akifuata wanamgeukia. Agosti 1871 Waarabu wa Tabora, Stanley akiwa pamoja nao, walikwenda kumpiga Mirambo. Kundi la Soud bin Said likaiteka Wilyankuru kirahisi mno. Mirambo alikuwa ametoka na watu wake, akawaacha wapakie pembe za ndovu na mateka, kisha akawavizia kwenye majani marefu, pande zote mbili za njia, wakati wanarudi wameelemewa na nyara. Soud aliuawa, na waliosalia wakatawanyika. Njia ya Tabora kwenda Ujiji ikafungwa, Stanley akalazimika kuzunguka kusini ili amfikie Livingstone.

Hapo kwenye nyara na njia za biashara ndipo penye uzito wa jambo. Jeshi la mateka lazima lishibe, na ng'ombe wa majirani huisha. Waturuki waligundua mapema kwamba hariri ya China ina faida kuliko uporaji, ila ni lazima pawepo mnunuzi. Mwaka 568 ujumbe wao ulifika Constantinople ukiongozwa na Maniakh, mfanyabiashara Msogdia, si mpiganaji. Mirambo naye alikaa njiapanda ya misafara, akatoza hongo, yaani ushuru wa njia, akamwoza binti yake kwa mfanyabiashara Mswisi, Philippe Broyon, akampokea daktari Southon wa misheni ya London. Alitaka bidhaa zake zipite bila mkono wa Tabora. Mpango ukaharibika Juni 1880, Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, walipouawa katika vita vyake huko Mpimbwe. Baada ya hapo Zanzibar haikumwamini tena.

Udhaifu nao ni mmoja. Kagani, mtawala wa Waturuki, aliwaachia makabila wakuu wao, akaweka ofisa wa kuwachunga na kukusanya kodi. Mirambo mara nyingi alimwondoa mtemi aliyeshindwa na kumweka ndugu wa mtemi huyohuyo. Ni njia rahisi, haina gharama, na nchi inatulia haraka. Lakini mtawala aliyewekwa hivyo anamtii mtu, na mtu hufa. Waturuki walianza kugawanyika Mashariki na Magharibi baada ya 581, ndugu na watoto wa ndugu wakigombea kiti. Mashariki ikaangukia mikononi mwa nasaba ya Tang mwaka 630. Mirambo alikufa Desemba 1884, na watemi aliowaweka wakaanza kujitenga chini ya mrithi wake Mpandoshalo.

Mwezi huohuo alikufa Nyungu ya Mawe wa Ukimbu, naye akiwa na rugaruga walewale na ukatili uleule. Tofauti ni kwamba Nyungu hakuwategemea watemi wa zamani. Aliigawa nchi katika majimbo na kuweka wakuu wake mwenyewe, wanaopeleka pembe kwake moja kwa moja. Binti yake Mgalula alikirithi kiti, na utawala ule ukaendelea hadi Wajerumani walipouvunja mwaka 1895.