Jengo Limeporomoka: Nani Mtendaji wa Kitenzi Hiki?

Katika ukurasa huu tumezoea kuchambua riwaya na diwani. Safari hii naomba tuchambue maandishi mafupi zaidi, ambayo kila mmoja wetu ameyasoma na wengi tumeyasambaza: habari ya jengo lililoanguka na kuua watu. Hayo nayo ni matini kama matini nyingine. Yana msamiati wake na sarufi yake, na yana mtu ambaye yanamwacha nje.

Tuanze na Kariakoo. Asubuhi ya Jumamosi, Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa nne lilianguka katika eneo la soko ambalo sote tunalijua, tuwe Muscat, London au Minnesota. Baadhi ya waliofukiwa walipiga simu kutoka chini ya kifusi wakiomba msaada. Habari na rambirambi zilizofuata zilirudia sentensi moja: jengo limeporomoka. Kitazameni kitenzi hicho. Kuporomoka hakuhitaji mtendaji. Mawe huporomoka mlimani, bei huporomoka sokoni. Ukitaka kumtaja aliyefanya, Kiswahili kinakupa kuporomosha. Ukitaka kuonyesha kwamba yupo aliyefanya hata kama humjui, kinakupa kuporomoshwa. Vichwa vingine vya habari huenda mbali zaidi vikasema jengo limeua. Hapo muuaji amepatikana, lakini ni zege na nondo, na hakuna askari awezaye kuvitia pingu.

Tusimwonee mwandishi wa habari. Siku ya kwanza hajui chanzo, na kusema limeporomoka ni uaminifu. Tatizo ni pale sentensi ya siku ya kwanza inapobaki ileile baada ya arobaini, na baada ya mwaka. Mwezi Machi 2013 jengo refu lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka na watu 36 wakafa. Ukiwauliza watu leo, wengi watakumbuka kwamba lilianguka. Ni wangapi watakaoweza kumalizia sentensi hiyo kwa kusema kwa sababu ya nani?

Neno la pili ni ajali. Ndugu zetu walioko Oman hawahitaji kuelezwa asili yake. Kwa Kiarabu ni muda uliowekwa, siku ya mtu kufa, na maana hiyo haijatutoka, ndiyo maana twasema ajali haina kinga. Ni neno linalofariji, na mfiwa ana haki ya faraja. Lakini mama anapouliza nani aliruhusu kazi iendelee huku watu wamo ndani, kumjibu kwamba ni ajali ni kumfunga mdomo kwa jina la Mungu. Dini yenyewe haifanyi hivyo. Katika sheria ya Kiislamu, aliyeua kwa makosa hadaiwi roho, lakini familia ya marehemu inastahili dia. Siku ya kufa imepangwa na Mwenyezi Mungu, na deni hata hivyo liko kwa mja. Wazee wetu waliyashika yote mawili pasi na kuona mgongano. Sisi tumechukua la kwanza, la pili tukalisahau.

Neno la tatu ni methali tuliyofundishwa shuleni: usipoziba ufa utajenga ukuta. Nzuri, lakini isomeni tena mkiwa upande wa mfiwa. Methali hii inamsema mwenye nyumba, na adhabu inayomtishia ni gharama ya ukuta mpya. Haimjui mpangaji wala kibarua. Katika jengo la Rana Plaza, karibu na Dhaka nchini Bangladesh, nyufa zilionekana Aprili 23, 2013. Benki iliyokuwa humo iliwaondoa wafanyakazi wake. Mafundi wa viwanda vya nguo waliokuwa ghorofa za juu waliamriwa warudi kazini kesho yake, na siku hiyo jengo likaanguka. Zaidi ya watu 1,100 walikufa. Ufa ulionekana, ukasemwa, wala hakuna aliyeweza kudai hakuujua. Walioingia kwa hofu ya kukosa mshahara hawakuwa na ukuta wa kujenga.

Kauli ya nne ni ya viongozi: sheria itachukua mkondo wake. Mkondo ni wa maji, na maji huteremka yenyewe. Wafiwa wa jengo moja la Uturuki wangetuambia kwamba sheria si maji. Katika tetemeko la Februari 6, 2023, hoteli ya Isias mjini Adıyaman ilianguka na kuua watu 72. Kati yao 35 walitoka Kupro ya Kaskazini: watoto wa timu za voliboli za shule moja ya Famagusta, pamoja na walimu na wazazi waliowasindikiza. Kesi ilipoanza Januari 2024, familia zao zilivuka bahari kwenda kuisikiliza katika nchi ambayo si yao. Sisi tunaofuatilia misiba yetu kutoka mbali tunajua uzito wa safari kama hiyo.

Mabishano ya kesi hiyo yalikuwa pia ya maneno. Upande mmoja ulilitaja tetemeko. Wafiwa walitaja ubora wa zege, na ghorofa iliyoongezwa. Kisha likaja swali la kosa lenyewe liitwe nini. Je, wahusika waliijua hatari wakatumaini haitatokea, au waliona kwamba watu wanaweza kufa wakaridhia? Familia zilidai kuridhia. Desemba 2024 mahakama ilichagua kutumaini, ikamhukumu mmiliki kifungo cha miaka 18 na miezi mitano. Familia hazikuridhika. Kwa asiyefiwa huo ni ubishi wa wanasheria. Kwa mzazi ni tofauti kati ya mtoto aliyesahauliwa na mtoto aliyewekwa kwenye mizani pamoja na faida, akaonekana mwepesi.

Turudi Kariakoo. Mwishoni mwa Novemba 2024 watu watatu, waliotajwa kuwa wamiliki wa jengo, walifikishwa mahakamani Kisutu kwa mashtaka 31 ya kuua bila kukusudia. Kama wana hatia au hawana ni kazi ya mahakama, si ya ukurasa huu. Nasema tu juu ya lugha: hati ile ya mashtaka ilifanya ambalo salamu zetu zote za pole hazikulifanya. Iliwahesabu waliokufa mmoja mmoja, na iliondoa kitenzi kufa ikaweka kuua.

Kuna sababu inayotufanya sisi wa ughaibuni tuupende msamiati ule laini. Wengi wetu tunajenga nyumbani. Tunatuma pesa, tunamwelekeza fundi kwa simu, tunauliza kama mifuko ya saruji haiwezi kupunguzwa, kama ghorofa moja zaidi haiwezi kupandishwa juu ya msingi uleule, na kama yule bwana wa vibali hawezi kuonwa. Siku ya msiba, neno ajali linatufaa na sisi.

Kwa hiyo nashauri jambo dogo. Jumuiya zetu zinapokusanya michango na kuandika rambirambi, tuongeze sentensi mbili: nani alitoa kibali, na nani alikuwa na wajibu wa kukagua? Mtu akituambia tusubiri sheria ichukue mkondo wake, tumwombe tarehe ya kesi. Na anayepandisha ghorofa huko nyumbani akiwa hapa, ajiulize maswali hayohayo kabla hajatuma pesa za mwezi ujao.

Mwenye maoni tofauti na aandike. Ukurasa huu ni wetu sote.