Video nzuri ni ile inayofika mwisho kabla batri haijazima

Leo sizungumzii sinema. Nazungumzia zile video za mafundisho ya kilimo tunazobeba ndani ya mashini zetu kwenda kuonyesha wakulima, hapa Uvira, kwenye Bonde la Ruzizi na pembeni ya ziwa mpaka Makobola. Tunazisifu juu ya picha safi. Mimi nasema tuzipime kwanza kwa swali moja: batri itazifikisha mwisho?

Niko na sababu. Siku moja nilienda upande wa Sange na video ya muhogo niliyopewa na mradi fulani. Dakika 38. Pale tulipokaa hapakuwa umeme. Mwanzo wote ulikuwa nembo za wafadhili, hotuba ya mkubwa mmoja, na picha za mashamba zilizochukuliwa toka juu na drone. Feni ya mashini ikaanza kulia kama jenereta. Dakika ya 26, giza.

Kumbe sehemu iliyobaki njo ilikuwa ya maana: namna ya kuchagua vijiti vya kupanda. Mama mmoja akaniuliza: "Sasa mwanangu agronomu, ile miti ya kupanda, mutu anaichagua namna gani?" Nilieleza kwa mdomo, lakini sikuwa na jani gonjwa la kuonyesha. Na mozaiki haienezwi na nzi weupe peke yao, inasafiri pia ndani ya vijiti vyenyewe. Asiyejua kutambua majani yaliyojikunja yenye mabaka ya njano kabla ya kukata, anapanda ugonjwa kwa mikono yake.

Kosa la kwanza la ile video ni mpangilio. Jambo kubwa limewekwa nyuma, kama vile kila mtu ana umeme wa kumaliza dakika 38. Wafadhili wameonekana vizuri, jani halikuonekana.

Kosa la pili ni uzito. Faili ilikuwa ya 1080p, imefungwa kwa HEVC. Mashini zetu nyingi ni za okazioni, kioo chake ni 1366 kwa 768, ule usafi wa ziada hauonekani hata kidogo. Tena HEVC ilitoka mwaka 2013. Mashini ya 2012 haina sehemu maalumu ya kuifungua, basi prosesa inabeba kazi yote, inapata joto, inakula batri. H.264, ya mwaka 2003, ile mashini inaifungua bila kuchoka. Tufanye hesabu: batri iliyobaki na Wh 24, mashini ikila wati 12, unapata saa mbili. Ikila wati 24, saa moja basi. Batri yangu ilikuwa imechoka kuliko hiyo.

Linganisheni na video za Access Agriculture. Nyingi ni fupi, wakulima wenyewe njo wanasema, unazipakua bure kwa lugha nyingi, Kiswahili pia, na kuna faili nyepesi za simu. Makosa yako: Kiswahili chake si cha kwetu, kuna maneno inabidi uwaelezee wamama. Lakini mtu aliyezitengeneza alifikiria yule asiye na umeme.

Na mimi pia nilikosa. Mwanga wa kioo ulikuwa juu kabisa, Wi-Fi ilikuwa inatafuta mtandao usiokuwepo, na batri sikuipima. Wengi wetu tunapakua programu za "kuokoa batri", kumbe nazo zinakula. Kwenye Windows andika powercfg /batteryreport, utaona batri ilitoka kiwandani na nguvu gani na leo imebaki na ngapi. Siku umeme uko, geuza faili kwa HandBrake iwe H.264 ya 480p. Usingoje kufanya hivyo shambani, juu kugeuza nako kunakula sana. Ichezeshe kwa VLC. Tafuta chumba chenye giza, darasa au kanisa, ili upunguze mwanga wa kioo. Kama watu ni wengi, sauti ipitie redio yenye batri yake.

Nilirudi Sange na video ileile. Nilikuwa nimeikata, zikabaki dakika 9, zikianza na jani. Tuliionyesha mara mbili, na batri ikabaki. Mara ya pili yule mama akasema: "Simamisha hapo kwanza." Akasogea mpaka karibu na kioo, akaangalia lile jani muda mrefu, kisha akatoka nje kwenda kuangalia muhogo wake.

Watengenezaji wa video, mutuwekee jani mbele. Nembo zitangoja.