Mkono wa Nani Huu?

Kuna watu wanaoiona picha ya familia ya studio kama kitu cha kufunikia ufa wa ukuta tu. Ati sanaa iko kwenye maonyesho na vitabu vya bei ghali, si pale mtaani ambapo baba amewekwa kitini, mama ubavuni, na watoto wawili wamesimamishwa mbele kwa soksi nyeupe. Mimi nakataa. Na kwa vile kurasa hizi ni zetu sisi tunaojifunza kuandika, nakataa kwa sababu inayotuhusu: pozi la familia ni hadithi. Ina wahusika, ina mambo yaliyofichwa, na ina mhusika mmoja ambaye hakuulizwa kama anataka kuwemo. Huyo ni mtoto.

Mtu mzima ukimwambia simama hapa, weka mkono begani, inua kidevu, anaelewa. Kalipa pesa yake, anataka atoke kama bwana mkubwa. Anajua anadanganya kidogo, na wewe mtazamaji unajua, hakuna ugomvi. Lakini mtoto wa miaka miwili? Heshima ya baba yake yeye hana habari nayo. Kiatu kinambana, taa inamchoma macho, na huyu mzee mwenye kamera hamjui. Una dakika tano, pengine tatu, kabla hajaanza kilio. Kwa hiyo ukitaka kumpima mpigapicha usihangaike na baba. Mtazame mtoto, kisha utafute mkono unaomshika.

Kipimo changu kinatoka mbali, Bamako nchini Mali. Seydou Keïta alifungua studio yake huko mwaka 1948, akafanya kazi humo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alipenda mwanga wa jua. Nyuma ya wateja alitundika kitambaa cha nakshi, na cha kwanza kilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe. Negativu zilikuwa ghali, basi kwa kawaida alipiga mara moja tu. Mara moja, mwenzangu! Kazi yote ilifanyika kabla ya kubofya: nani akae wapi, mkono uende wapi, mtoto apakatwe vipi asihisi anaanguka. Mwaka 1991 picha zake zilionyeshwa New York bila jina lake, kana kwamba zimejipiga zenyewe. Mwaka 1994 ndipo Paris ilipomwonyesha kwa jina, naye akiwa mtu mzima wa zaidi ya miaka 70.

Iko picha yake moja inayojulikana sana, ya karibu mwaka 1950. Bwana mmoja wa mwili, kavaa vazi pana jeupe, kamshika mtoto mchanga. Ndiyo yote. Mtu unaanza kwa kuutazama ukubwa wa yule bwana, halafu jicho linateremka kwenye mikono, na hapo ndipo linapokaa. Mikono ile haimwonyeshi mtoto kama kikombe cha ushindi wa mpira. Inambeba. Mtoto naye hajalazimishwa kucheka, ametulia kwa vile ameshikwa vizuri, basi. Picha imejengwa kumzunguka yeye, na uzito wake unaonekana.

Sasa linganisha na Wazungu wa karne ya 19, huko Ulaya na Marekani. Wakati ule kamera ilihitaji sekunde kadhaa za utulivu, na mtoto hatulii. Wakabuni dawa: mama anakaa kitini, anafunikwa shuka gubigubi kama samani, kisha mtoto anawekwa juu yake. Mtoto anashikwa na mama, ila mama hayupo. Picha ikishatoka, fremu inaziba kilichobaki. Msanii wa Italia, Linda Fregni Nagler, alizikusanya picha hizo, na mwaka 2013 zilionyeshwa Venice zaidi ya 900. Ukizitazama mwanzo unacheka, maana ni shuka lenye magoti. Baadaye hucheki tena. Kila kinachomfanya mtoto yule aonekane ametulia peke yake kimo chini ya kitambaa, kinapumua.

Msiseme hayo ni ya Wazungu.

Hapa Mombasa, miaka ya 1990, kulikuwa na vibanda vya wapigapicha karibu na kivuko cha Likoni. Wengi wao walikuwa watu wa bara waliofuata riziki pwani, na wateja wao hivyo hivyo. Heike Behrend, mwanaanthropolojia wa Kijerumani, aliandika habari zao. Nyuma ya mteja palichorwa meli, ndege, magorofa, na pembeni maua ya plastiki. Picha ilitumwa nyumbani, ikaseme kwamba fulani kafika na mambo si mabaya. Mimi siyacheki maghorofa yale ya rangi. Mtu alikuwa na haki ya kuchagua asimame mbele ya nini. Ila palipoingia familia yenye watoto, naona vibanda vile vilishindwa mara nyingi: mtoto anasimamishwa kando ya maua, kama ua jingine, mikono imenyooka, na hakuna anayemgusa. Filimu ni ya picha 36, kila moja ni pesa, foleni ipo nje. Haraka ikampokonya mtoto mtu wa kumshika.

Kuna jambo jingine katika picha zetu za sebuleni ambalo sijaona likiandikwa. Tazama macho ya mtoto. Baba anaitazama kamera, mama anaitazama kamera, mtoto anatazama pembeni, kushoto kidogo au kulia, na anacheka. Anamcheka nani? Mwenye kamera alishamtisha. Anamcheka yaya. Yaya ndiye aliyemwogesha, akamvalisha zile soksi, akambeba njia nzima hadi studio. Walipofika akaambiwa sogea kando, sasa tunapiga. Basi kasimama pale nje ya picha anapiga makofi, anatikisa funguo, anaita jina. Wote tunaisifu picha kwamba mtoto katoka vizuri.

Rafiki yangu mmoja alinipinga hapa. Kwani yaya ni ndugu? Picha ya familia ni ya familia. Sawa, sidai aingizwe kwa nguvu akae katikati. Lakini wewe mwandishi ukipewa picha ile uieleze, ukaandika "familia yenye furaha" ukanyamaza, umefanya kazi ya lile shuka. Na ongeza hili: huenda msichana yule naye ana mtoto wake, analelewa na bibi huko bara. Siku yake ya mapumziko aliwahi kwenda Likoni, akasimama peke yake mbele ya meli ya rangi, akaituma picha. Hapo familia moja imo ndani ya picha mbili, na hakuna ukuta unaozitundika pamoja.

Siku hizi watu wananiambia mambo ni rahisi. Desemba ikifika kuna picha za haraka haraka, sare za kitenge kuanzia baba hadi kitoto, dakika 15, kamera inapiga mara 200, kisha inachaguliwa ile ambayo wote wamecheka. Mdogo akigoma, uso wake unatolewa picha nyingine na kubandikwa. Mimi hazinikeri kwa upya wake. Zinanikera kwa sababu anayepiga mara 200 hana haja ya kujua mtoto ashikwe vipi, anasubiri bahati. Na kompyuta inafuta kidole chochote kilichojitokeza mahali kisipotakiwa.

Mkasi wa zamani haukuwa hodari hivyo. Iko picha nimeiona kwa jamaa zangu, imekatwa ukingo wa kulia ili iingie kwenye fremu. Watu wanne, wote wakavu kama mti. Mdogo yuko mwisho, kaegemea kitu ambacho hakipo, na kwapani mwake vimebaki vidole vinne na kipande cha bangili ya plastiki. Nimewauliza wenyewe ni bangili ya nani. Mama wa nyumba kaitazama sana, akasema wasichana walikuwa wengi miaka ile, hakumbuki ni yupi.